Nusu Yangu ya Silabasi

"Sikilizeni, na msinicheke. Damu ni shangazi. Shangazi katoka safari, mchafu hadi kope, anaingia moyoni, chumba cha juu kulia, anapita mlango wa mapazia matatu, anashuka chumba cha chini. Hapo anatimuliwa: nenda mapafuni ukaoge kwanza!"

Wasichana watatu kwenye korido ya tuisheni wakaangua kicheko. Msimuliaji alikuwa binti mmoja wa miwani mikubwa, hana hata miezi mitatu pale, wenzake wakimwita Miwani. Nyuma yao alisimama Dada Faili na karatasi yake ya mtihani wa majaribio mkononi, miguu imegoma kwenda.

Maana shangazi yule alikuwa wake. Alimtunga mwenyewe, jikoni kwa mama yake, akimfundisha mtu mmoja tu dunia nzima.

"Shangazi huyo umemtoa wapi?" akauliza.

"Kanifundisha mchumba wangu." Miwani akainua kidole chenye pete mpya. "Fundi wa maabara pale shule ya wavulana. Ana vituko yule, we acha tu! Basi, shangazi akishaoga anarudi chumba cha kulia..."

"Kushoto."

"Eti?"

"Akishaoga anarudi kushoto, anapita mapazia mawili. Ukimrudisha kulia atachafuka tena."

"Kumbe! Asante, dada."

"Karibu."

Basi. Hayo ndiyo aliyosema. Jamani, mwanamke anaonyeshwa pete iliyotoka kwa bwana wake, naye anasahihisha njia ya damu! Alishuka ngazi akingoja maumivu yaje. Hayakuja. Alijisikia kama shavu lililotoka kwa daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lakini wapi, ganzi tupu.

Huyu Dada Faili alikuwa karani wa masjala ya hospitali, anayetoa mafaili ya wagonjwa dirishani tangu saa moja asubuhi, na jina lenyewe wagonjwa ndio waliompa. Alitaka kuwa daktari tangu yuko shule. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari uliwaita watu elfu sita kugombea nafasi mia na ishirini, na kila mtu aliruhusiwa kujaribu mara tatu tu. Yeye mbili zilishakwenda. Hii ikimponyoka, ni dirisha lile lile na mafaili yale yale mpaka kustaafu.

Safari hii alikuwa na mkakati, na mkakati aliutunga na Fundi. Waliikata silabasi katikati. Baiolojia yote ikawa ya Dada Faili, fizikia na kemia zikawa za Fundi. Kila mmoja alisoma nusu yake mpaka kwenye mfupa, kisha akamfundisha mwenzake. Wote ni watu wa kazi, hakuna aliyekuwa na muda wa kusoma vyote. Miezi kumi walikwenda hivyo, wakipendana na kufundishana, na ilikuwa miezi mizuri, tusidanganyane.

Sasa zilibaki siku ishirini na tatu.

Alipofika nyumbani aliandika ujumbe: "Miwani kanionyesha pete."

Simu ikaita hapo hapo.

"Mpenzi, nilikuwa nikwambie."

"Lini?"

"Baada ya mtihani."

"Kwa nini baada?"

Dada Faili alisikia bomba la maabara likidondosha maji upande wa pili.

"Sikutaka kuvuruga mambo," Fundi akasema.

"Mambo yangu, au baiolojia yako?"

Fundi akashusha pumzi. "Vyote." Angalau hapo hakudanganya.

"Mna muda gani?"

"Miezi miwili. Nisamehe. Mwenyewe sijui ilivyoanza, alikuja maabara kuulizia..."

"Bado hujanifundisha saketi, mawimbi, na asidi na besi," Dada Faili akamkatiza. "Mimi sijakufundisha figo, homoni na urithi. Jumamosi saa nne asubuhi, maktaba. Uje na saketi."

"Hujakasirika?"

"Sijui. Saa nne, usichelewe."

Dada yake mkubwa, fundi cherehani ambaye mashine yake ilikaa sebuleni, aliyasikia yote. Akasimamisha mguu kwenye pedeli.

"Unakwenda kukutana naye? Una akili timamu wewe?"

"Dada, saketi sizijui."

"Tafuta mwalimu mwingine!"

"Mwalimu mwingine ataanza ukurasa wa kwanza. Yule anajua ninapokwama."

Dada mkubwa akakata uzi kwa meno. "Basi mfundishe kinyume. Mwambie figo zinasaga chakula. Afeli, mshenzi yule."

Dada Faili alilifikiria hilo, tena kwa makini. Alijua hata pa kuanzia: kwenye mirija ya figo, kinachochujwa na kinachorudishwa, ukivibadilisha kidogo tu mtu anapotea sura nzima. Na Fundi angemeza bila kuuliza, maana kwenye baiolojia alimwamini kuliko kitabu.

"Siwezi."

"Ndiyo maana nasema bado unampenda!"

"Na akipita, halafu siku moja akakutibu wewe figo?"

Dada mkubwa akacheka bila kutaka. Kicheko kikageuka, akaanza kulia, analia kwa niaba ya mdogo wake. Mdogo wake akasogeza gauni la mteja lisilowe.

Jumamosi saa nne Fundi alikuwa amekaa kwenye meza yao ya zamani, karibu na dirisha. Alikuwa hajanyoa.

"Mkondo wa umeme ukifika njia panda unagawanyika," akaanza kwa sauti ndogo. "Lakini ukijumlisha unaoingia na unaotoka..."

"Ni sawa."

"Ndiyo, ni sawa. Naomba niseme kitu kimoja."

"Kinatoka kwenye mtihani?"

"Hapana."

"Basi endelea na saketi."

Wakaenda hivyo, Jumamosi na Jumatano, juma baada ya juma. Alifundishwa mawimbi. Alifundisha figo, sahihi, mrija kwa mrija. Fundi ndiye aliyeanza kukonda. Siku ya asidi na besi kalamu ilimdondoka, akaficha uso kwa viganja.

"Unanitisha," akasema. "Ungenitukana ningejua pa kusimama. Nitukane basi!"

"Swali la nane sijalielewa."

"Nimekuumiza, au sikukuumiza?"

Dada Faili akajitazama ndani kwa uaminifu kabisa, kama anayetafuta faili asilolikuta kwenye rafu. "Sijui," akasema. "Swali la nane."

Likabaki somo moja, urithi, na hilo lilikuwa zamu yake kufundisha. Nusu ya Fundi ilikuwa imekwisha yote. Jumatano ya mwisho, saa kumi jioni, alikaa pale dirishani na daftari lake. Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili kasoro mkutubi akaanza kufunga madirisha. Fundi hakutokea. Simu yake kila akiipiga ilikata.

Nyumbani alifungua daftari juu ya kitanda na kulipiga picha, ukurasa kwa ukurasa. Akazituma na ujumbe: "Urithi wote huu hapa. Maswali ya ukoo na familia usiyaruke, yana alama nyingi. Usilolijua usibahatishe, jibu baya linakata alama."

Tiki moja, hazijafika. Kulipokucha, tiki moja.

"Keshakuzuia huyo," dada mkubwa akasema. "Kakuchota mpaka katosheka, kafunga mlango."

"Huenda."

"Na wewe ulikaa hapo unampigia picha!"

"Tuligawana, dada. Hii ndiyo nusu yangu."

Siku ya mtihani aliingia na mpango mmoja. Duru ya kwanza, okota unayoyajua. Duru ya pili, hesabu yanayohesabika. Duru ya tatu, zuia mkono wako. Watu walikuwa wanajaza kila kisanduku kwa pupa, yeye aliacha kumi na moja vitupu na kuvitazama bila presha. Lilipokuja swali la saketi, sauti ya Fundi ilimjia sikioni taratibu, mkondo ukifika njia panda, naye akaandika jibu. Hata hapo hakusikia kitu.

Majuma matano baadaye, asubuhi, simu ilitetemeka kwenye meza ya masjala. Aliusoma ujumbe mara mbili.

"Mama," akamwita mkuu wake, mama mtu mzima aliyekaa na muhuri mkononi miaka yote, hata wakamwita Bi Muhuri. "Nimepita. Wa tisini na saba."

"Wee! Chuo cha udaktari?" Bi Muhuri akagonga muhuri mezani kwa furaha. "Mbona unasema kama unanitajia bei ya chumvi? Ruka basi, mtoto!"

"Nitaruka," akasema, na kurudi dirishani, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

"Namba ya faili?" akauliza bila kuinua macho.

"Sina."

Alikuwa Fundi. Kashika kingo za dirisha kwa mikono miwili.

"Umepita?" akauliza.

"Nimepita."

"Hongera. Ulistahili." Akainamia dirisha. "Mimi baiolojia imeniangusha. Nimepungukiwa alama tatu tu. Urithi ulikuja maswali tisa, sikugusa hata moja."

"Jumatano ile ulikuwa wapi?"

"Miwani aliniambia nichague, yeye au maktaba. Nikajua hata nisipokuja utanitumia daftari. Nikangoja. Halikuja. Nikasema ndiyo, kakasirika sasa, na ana haki. Nikaona aibu kukuomba."

"Nilituma."

"Ulituma nini?"

"Kurasa arobaini na moja. Usiku ule ule."

Akamgeuzia simu kupitia dirishani. Fundi akaziona picha, moja chini ya nyingine, kila moja na tiki yake moja. Akatoa simu yake mwenyewe, akabonyeza mpaka kwenye namba zilizozuiwa. Ilikuwa moja tu, ya Dada Faili.

"Haki ya Mungu, sikuizuia mimi."

"Namba ya siri ya simu yako anaijua nani?"

Fundi akaitazama namba ile. Mgonjwa aliyekuwa nyuma yake akasogea hatua moja asikie vizuri.

"Miwani kapita?" Dada Faili akauliza.

"Kapita." Akairudisha simu mfukoni. "Jina lake nimeliona kwenye orodha, ila simu yangu hapokei."

"Pole."

"Usinipe pole! Baada ya yote niliyokufanyia, ulikaa ukanipigia picha kurasa arobaini na moja? Kwa nini?"

"Tulikubaliana."

Machozi yakamtoka Fundi mbele za watu. "Mimi bado nina mara moja. Mwakani. Turudi kama zamani, mimi na wewe, meza ile ile. Nitakuoa hata kesho. Nilikuwa mjinga, mpenzi, naapa."

Dada Faili aliweka faili alilolishika chini. Akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya korido, akamtazama vizuri.

"Nilikupenda," akasema. "Nilikupenda sana. Hata unanifundisha mawimbi nilikuwa nakupenda, na ulikuwa unaniuma. Maumivu niliyaweka pembeni ili nipite."

"Basi bado kuna..."

"Urithi nitakutumia tena leo. Soma mwenyewe, unaweza. Mimi maktaba siji."

"Na sisi?"

"Sisi hapana." Akavuta rejista karibu. "Nyuma yako kuna mgonjwa, kaka. Mpishe."

Kaka! Mwaka mzima hajawahi kumwita hivyo. Fundi akaachia kingo za dirisha, akageuka, watu wakampisha njia. Mgonjwa aliyefuata akataja namba yake. Dada Faili akaiandika, akasimama kwenda kwenye rafu, akanyoosha mkono kulichukua faili, na mkono ukabaki juu hapo hapo. Kisha akakaa sakafuni katikati ya mafaili, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa.

Bi Muhuri akaja mbio, viatu vimemvuka.

"Mwanangu! Si umesema umepita?"

"Nimepita, mama."

"Sasa unalia nini?"

"Muda," akasema, pumzi zinamkatika. "Siku zote hizo muda wa kulia sikuwa nao."

Bi Muhuri akaenda dirishani, akawaambia watu wahamie dirisha la pili, akashusha pazia. Kisha akarudi, akaketi sakafuni na nguo yake ya kazi nyeupe.

"Haya," akasema. "Sasa unao."