Siku Sitini na Sita Ubaoni

Kila asubuhi ya shule, kabla ya kengele, nilikuwa na kazi mbili. Kwanza nilisoma kipimamvua nyuma ya maktaba, nikaandika kwa penseli kwenye daftari langu, kisha nikaingiza vipimo katika kompyuta ya klabu yetu ya hali ya hewa. Baadaye nilichukua chaki na kuandika kwenye kona ya ubao idadi ya siku ambazo mashine ile ilikuwa imewaka bila kuzimwa. Wenzetu wa mwaka jana walifikisha sitini. Sisi tuliapa kuwapiku.

Kazi ya tatu ilikuwa ya binamu yangu, binti wa mjomba. Kila Ijumaa baada ya vipindi alitakiwa kuweka masasisho, yaani marekebisho yanayoziba mianya ambayo virusi hupitia. Akimaliza, alitia alama ya vema kwenye kitabu cha klabu. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Tulilala chumba kimoja na kugawana hata sabuni, nami nilimwamini kabisa.

"Umeweka?" nilimuuliza kila Ijumaa.

"Tayari, bibie! Wewe shughulika na mvua yako."

Mashine ilianza kujikokota. Faili moja ilipofunguka, nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu vyote viwili. Chiriku alisema imezeeka tu, nikacheka.

Jumatatu, siku ya sitini na sita, nilichomeka flashi ya mwanaklabu mmoja yenye picha za mawingu. Muda si muda faili zangu zikagoma kufunguka, moja baada ya nyingine. Vipimo vya wiki tisa vilikuwa humo, na maonyesho ya shule yalikuwa Alhamisi. Nililia palepale, bila aibu.

Mwalimu wa kompyuta alikuja, akavuta kiti, akaichunguza mashine. "Ni virusi. Masasisho yaliwekwa lini mara ya mwisho?"

Nikampa kitabu cha klabu. Kilikuwa na alama tisa za vema kwa Ijumaa tisa. Mwalimu alikitazama kitabu, akautazama ubao.

"Binti, kimojawapo kinadanganya. Masasisho haya hayakamiliki mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Kama yaliwekwa Ijumaa, leo ubao ungesema siku tatu."

Namba ile niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikajisifu nayo, wala sikuiuliza kitu. Nikamgeukia Chiriku. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilibonyeza 'Nikumbushe baadaye'," alisema. "Kila Ijumaa. Sikutaka hesabu irudi moja. Wewe mwenyewe uliifurahia!"

"Usinitwike mimi! Nimekuuliza mara tisa, ukanidanganya mara tisa, halafu jioni unaazima kitana changu!"

Moyo uliniuma kuliko nilivyoumia kwa faili zile. Faili hazikuwa binamu yangu.

Mwalimu alitumia siku nzima, mpaka Jumanne mchana, kuisafisha mashine na kuweka masasisho yote. Picha zilipotea moja kwa moja, lakini daftari langu la penseli lilikuwepo. Kwa alasiri mbili Chiriku alisoma, mimi nikachapa.

"Milimita kumi na mbili," alisema.

"Endelea."

Hatukusemezana zaidi ya hapo. Mashine sasa ilikuwa nyepesi, na Jumatano jioni tulimaliza.

Mwalimu alituita wote wawili. "Kompyuta kuwaka siku nyingi si ushahidi kwamba ni nzima. Tunachagua saa ambayo haitumiki, tunaizima dakika ishirini, nayo inatutumikia vizuri wiki nzima. Na wewe Chiriku, ukisema umefanya jambo ambalo hukulifanya, mwenzako anaacha kuangalia. Uongo wako ulifungua mlango, na hakuna aliyekuwa akiulinda."

Chiriku alichukua kifutio, akafuta sitini na sita, akanipa chaki. "Nisamehe, dada," alisema. Nikaandika moja.

Maonyesho yalikwenda vizuri. Ijumaa baada ya vipindi, Chiriku alinyanyua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Tayari," alisema.

Zamani neno hilo lingenitosha. Nilivuta kiti, nikaketi kando yake, nikatazama mwenyewe.