Kisu cha Mpini wa Plastiki

Kila Jumamosi asubuhi, Chapuchapu alimsaidia shangazi yake, aliyeuza chai na mikate iliyojazwa mboga. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana mtoto huyu hata kuoga alioga kama anayefukuzwa. Kazi yake ilikuwa kuosha nyanya na matango. Kukata hakuruhusiwa, na jambo hilo lilimuuma sana.

Siku moja wauguzi wa zahanati ya jirani waliagiza chakula cha mkutano wao. Wakikipenda, wangeagiza kila wiki.

"Mayai yamekwisha, nakimbilia dukani," shangazi alisema. "Leo nakuamini. Anza kukata mkate. Visu vimo kwenye droo."

Moyo wa Chapuchapu ulijaa furaha. Kwenye droo alikuta visu viwili vya bei ya chee, vyenye mipini ya plastiki: kimoja kirefu chenye meno, kingine kidogo cha mboga. Akavibeza. Juu ya kabati palikuwa na kisu kinene kinachong'aa, zawadi ya harusi ya shangazi, bado kimo sandukuni. Akaona hicho ndicho kisu cha kazi kubwa.

Alikandamiza, mkate ukabonyea. Akaongeza nguvu, ukapasuka vipande vipande. Akageukia nyanya, ngozi yake ikagoma. Mara kisu kikateleza na kumkata kidole.

Shangazi aliporudi, alimkuta analia bombani.

"Shangazi, nimeharibu mkate. Nimechukua kisu chako cha harusi."

"Kwanza lete kidole." Shangazi alikisafisha, akakifunga plasta, akamvika glavu. "Pole, mwanangu. Kisu kile hakipati."

"Hakipati nini?"

"Hakipati kitu, ni butu! Tangu niolewe hakijapata hata ndizi mbivu!"

Walicheka, lakini tatizo lilikuwa palepale. Ulikuwa umebaki mkate mmoja, na idadi ya wauguzi haikupungua. Ilibidi slesi ziwe nyembamba.

Shangazi alimpa kisu chenye meno. "Usikandamize. Peleka, rudisha. Meno yafanye kazi. Na vidole vya mkono ulioshika mkate vikunje, kucha ziangalie ndani."

Chapuchapu alipeleka, akarudisha. Kisu kilizama kwenye mkate bila kelele, na slesi nyembamba ikalala kwenye kibao, haina hata ufa. Hakuamini macho yake. Kile kidogo nacho kilipita kwenye nyanya kama kinapita kwenye siagi, mbegu zikabaki mahali pake. Mkate ukatosha, na ncha yake ikabaki.

Muuguzi aliyefuata chakula alifunua sinia, akatabasamu. "Nani fundi wa slesi hizi?"

"Visu ndivyo mafundi," Chapuchapu alijibu kwa haya. "Mimi nilivifuata tu."

"Basi mvifuate tena wiki ijayo," muuguzi alisema, akaondoka na sinia.

Shangazi alimshika bega. "Kisu butu hudai nguvu, na nguvu zikiteleza huishia kidoleni. Kikali hudai utulivu tu. Chombo usikipime kwa bei wala mng'aro, kipime kwa kazi yake. Nawe umesema ukweli bila kulazimishwa, ndiyo maana nakuamini bado. Haya, vioshe, uvikaushe, uvirudishe kwenye droo. Kesho mkate wa chai utaukata wewe."