Mwimbaji Amesimama Kushoto

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini, na hakuna aliyekuwa akisema neno. Walikaa kwenye viti vya chuma, kila mmoja na hedfoni kichwani, macho wameyafumba. Wengine walitikisa vichwa, na jitu moja lenye tumbo kubwa lilikuwa likitokwa na machozi mbele za watu bila aibu yoyote. Rosalind Pruitt alisimama mlangoni, koti lake la kijani likichuruzika maji ya mvua, akajiuliza hii ni dini gani tena.

Alikuwa amefuata samaki. Ijumaa za Kwaresima, chini ya ukumbi huu wa zamani wa Waslovenia, nusu ya Cleveland hupanga foleni kwa samaki wa kukaanga na kabichi. Rosalind hakuwa hata Mkatoliki, ila hakuona sababu ya kula peke yake nyumbani wakati angeweza kula peke yake katikati ya watu. Basi tu, kwa kukosea alishika ngazi za kupanda badala ya zile za kushuka.

"Funga mlango, dada, baridi inaingia kwenye muziki," alisema mwanaume wa meza ya karibu.

Huyo ndiye Emil Hlavaty. Miaka arobaini na minne, shati la drafti limepigwa pasi likanyooka, miwani kaipandisha kwenye paji la uso akaisahau huko. Mezani kwake zilipangwa hedfoni kumi na kitu, kuukuu, zimesafishwa zikang'aa.

"Samaki wako wapi?" Rosalind aliuliza.

"Chini. Huku juu tunakula kwa masikio."

"Na mnashiba?"

"Tungeshiba tungekuwa tunarudi kila mwezi?"

Rosalind akacheka, na kicheko chake kikasikika ukumbi mzima kwa sababu kilikuwa peke yake. Akavuta kiti. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za malalamiko katika kampuni moja ya bima ya meno, saa nane kwa siku, kidude cha simu kimebana sikio moja. Jioni alikuwa akifika nyumbani kelele za watu bado zinamvuma kichwani, na hakuwa na kitu cha kuziosha.

"Nina dola themanini," alisema, "na sitaki ziishe zote."

"Zinatosha. Anayekwambia hazitoshi ana kitu cha kukuuzia. Haya, nipe wimbo unaoujua. Siyo mzuri. Unaoujua."

Akampa mmoja wa mwanamke na gitaa, aliousikiliza tangu ana miaka kumi na tisa. Emil alichomeka hedfoni mbili, akahangaika na kitufe kwa muda mrefu.

"Unafanya nini?"

"Nalinganisha sauti. Hedfoni inayopiga juu kidogo tu inakuhadaa, unaona ndiyo bora. Wanaume wanaojiamini nao wako hivyo hivyo."

"Wewe mbona unajiamini?"

"Mimi nimeshajilinganisha." Kisha akauliza bila kumtazama, "Unaishi na mtu?"

"Hilo ni swali la kazi au la upelelezi?"

"La kazi, wallahi. Kuna zilizofungwa nyuma na kuna za mgongo wazi. Za mgongo wazi zinavujisha sauti, aliye karibu nawe anasikia kila kitu. Lakini ndizo tamu, na kwa hela yako ndizo zinazolipa."

"Naishi peke yangu."

"Basi chukua za mgongo wazi. Sisi wa peke yetu hatuna wa kumkera."

Alisema kwa mzaha, ila neno lile "sisi" lilimwingia Rosalind moja kwa moja. Alichagua jozi ya kijivu, dola arobaini, sponji zake zinabadilishika. Emil hakumpa siku ile. Alimwomba wiki moja azitie mkono wake.

Mkono wa Emil ulikuwa na sifa. Katika jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa hedfoni kama wale wa ukumbini, watu walimtumia hedfoni zao za bei nafuu kwa posta, kutoka hata Tucson na Winnipeg. Alikata vipete vya karatasi nene, akavipachika chini ya sponji, akasikiliza, akakata tena, mpaka sauti ya mwimbaji isimame katikati ya kichwa, pale kati ya macho mawili. Hakuwatoza zaidi ya gharama ya posta. Mtu anayerudi kila jioni kwenye nyumba tupu anahitaji kuwa na umuhimu kwa mtu fulani, hata kama mtu huyo yuko Winnipeg.

Zikaanza simu. Kila siku saa kumi na mbili jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Biskuti."

"Biskuti si chakula, mpenzi."

"Umesemaje?" Rosalind aliuliza.

"Nimesema biskuti si chakula."

"Baada ya hapo."

"Baada ya hapo nikapumua."

"Emil!"

"Haya, nimesema. Utanishtaki?"

Hakumshtaki. Kufika mwezi wa tano walikuwa wakitembea ufukweni mwa ziwa mikono mifukoni, mkono wa Rosalind ukiwa ndani ya mfuko wa Emil. Jumapili Emil alimpikia supu ya uyoga ya kwao, wakasikiliza muziki kwenye kochi moja, kila mtu na hedfoni zake, magoti yakigusana. Wote wawili walikuwa wameshazoea kwamba jambo kama hili ni la wengine, na kila mmoja aliogopa kulitaja kwa nguvu lisije likamsikia likaondoka.

Tatizo lilikuwa zile za kijivu.

Rosalind akizivaa kwake, yule mwanamke wa gitaa hakusimama katikati. Alisimama kushoto, karibu na bega. Mwanzoni Rosalind alijilaumu mwenyewe: miaka minane ya kidude cha simu kwenye sikio moja, lazima limeharibika. Akanyamaza. Akamsifu Emil. Kila alipomsifu alijisikia mwongo, na hakutaka kuanza mapenzi ya ukubwani kwa uongo. Jumapili moja alivaa gauni lake la bluu lenye vifungo vidogo, akaja nazo mkobani.

"Emil, huyu mwimbaji mbona amesimama kushoto?"

Emil akazivaa, akafumba macho. "Yuko katikati. Hapa, juu ya pua."

"Kwangu yuko begani."

"Basi geuza kichwa."

"Sitanii."

"Hata mimi." Alizivua taratibu. Alikuwa ameguswa mahali pabaya, na mwanaume mpole akiguswa hapo huwa hajui kukasirika kwa kiasi. "Miaka kumi na miwili watu wananitumia vitu vyao, Rosalind. Wewe una miezi mitatu. Masikio yako yamezoea kusikiliza watu wenye meno mabovu, unataka kunifundisha?"

Rosalind aliziweka zile za kijivu mezani, kando ya sahani ya supu.

"Hao wenye meno mabovu wakinitukana, angalau hawaniangalii usoni," alisema. Akachukua koti lake. Emil alisikia viatu vyake vikishuka ngazi zote kumi na nne na hakuinuka.

Siku tatu alikaa na kiburi chake. Ya nne alinunua jozi mpya dukani, ambayo mkono wake haujaigusa. Kuna jaribio moja ambalo kila mtu wa jukwaani analijua: ukisikia sauti imeegemea upande mmoja, geuza hedfoni, ya kulia ivae kushoto. Kosa la chombo litahama. Kosa la sikio halihami. Emil alikuwa amewaandikia watu jaribio hilo mara mia, na yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya, kwa sababu hakuwahi kujishuku.

Alizivaa. Mwimbaji alikuwa kulia. Akazigeuza. Mwimbaji alikuwa kulia.

Akakaa. Supu iliungua jikoni na moshi ukamfikia ndipo akakumbuka kwamba alikuwa anapika. Miaka kumi na sita alifanya kazi kiwandani kwenye mashine ya kupiga boliti, kelele mchana kutwa, mashine ikiwa upande wa bega la kushoto, kabla hawajamhamishia kaunta ya vipuri. Sikio lilikuwa limekufa polepole, bila maumivu, na jinsi lilivyokufa ndivyo alivyozidi kukata karatasi kuziba upande wa kulia ili mambo yabaki sawa. Aliwapelekea watu ugonjwa wake kwa posta, akapokea shukrani.

Simu ikaita. Jina la Rosalind likawaka. Emil aliitazama mpaka ikanyamaza.

Msimlaumu haraka. Aliwaza hivi: huyu mwanamke alinipendea masikio yangu, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho mezani siku ile. Akijua hayapo, atabaki kupenda nini? Simu iliita kesho yake na kesho kutwa, saa kumi na mbili kamili, na kila mara alikaa karibu nayo akilia kimyakimya. Wiki ya pili haikuita tena.

Kwa Rosalind maelezo yalikuwa mafupi. Ameniacha kwa sababu nimemkosoa. Alirudia biskuti zake. Kazini aliwaambia watu "pole kwa usumbufu" mara themanini kwa siku, na yake hakuna aliyempa. Lakini Ijumaa ya mkutano wa Juni ilipofika, alijikuta kwenye kituo cha basi na lile koti la kijani. Kwaresima ilikwisha zamani, chini hapakuwa na samaki, hakuwa na kisingizio chochote. Alitaka tu kuambiwa hapana kwa mdomo. Kuachwa na simu isiyopokelewa aliona ni kudharauliwa mno.

Ukumbini Emil alikuwa amesimama mbele, shati halijapigwa pasi.

"Vueni hedfoni," alikuwa akisema. "Tafadhali. Wote."

Watu wakavua, wakapepesa macho kama walioamshwa.

"Kila jozi niliyoitengeneza tangu mwaka jana, nirudishieni. Sikio langu la kushoto halisikii. Daktari amepima. Nimewapindishia muziki wenu wote, na ninaomba radhi."

Lile jitu la tumbo, Duane, likainua mkono.

"Emil, mimi nilisikia sauti imelalia kushoto. Nikaenda hospitali. Wakaniambia masikio yangu ni mazima, nikasema huyu daktari hajui kazi."

"Ulisikia, ukanyamaza?"

"Ni mkono wako, bwana! Nani angekubishia?"

"Na mimi," akasema bibi mmoja wa mbele. "Nikaandika kule jukwaani kwamba ndiyo kazi yako bora kuliko zote."

"Uliandika hivyo, na unasikia imepinda?"

"Niliona aibu. Nilidhani ni uzee."

Ikawa wanainuka mmoja mmoja. Wote walisikia. Kila mmoja alijifungia kwake akidhani ubovu ni wake, akaandika sifa. Wengine wakacheka, ila Emil hakucheka.

"Mtu mmoja tu aliniambia," alisema, "nikamtukana nyumbani kwangu, juu ya supu yangu."

Ndipo alipomwona mlangoni.

Walitoka wakakaa kwenye ngazi za nje. Jua la Juni lilikuwa bado juu, na watoto walikuwa wakipita na baiskeli.

"Simu zangu ulizisikia?" Rosalind aliuliza.

"Zote."

"Nilifikiri umenitupa, Emil. Nilifikiri nimefukuzwa kwa sababu ya hedfoni za dola arobaini."

"Niliona haya. Nilikuwa nakupenda na nikaona haya, vyote pamoja, nikakaa tu kama mjinga."

"Mjinga kweli. Daktari amesemaje hasa?"

Emil alitazama viatu vyake. "La kushoto limekwisha. La kulia nalo limeanza. Miaka kumi labda. Labda mitano." Akanyoosha mikono yake. "Nina jozi thelathini na saba za kurekebisha, mikono ninayo, masikio sina. Nilitaka kukuomba uyasikilize yale nisiyoyasikia."

"Unaniomba kazi, au unaniomba mimi?"

"Wewe. Kazi ikae. Nakuomba wewe, na nakuomba ukijua. Kuna siku utaniita jikoni nisigeuke. Utaniambia unanipenda, nami nitakuwa naangalia midomo inavyocheza tu. Fikiria kwanza, mpenzi. Usinijibu leo."

Rosalind alifikiri. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Aliiona ile nyumba, aliuona ule ukimya, na uliogopesha. Machozi yalimshuka akayaacha.

"Maisha yangu yote naongea na watu wasionisikia," alisema mwishowe. "Wewe utakuwa wa kwanza mwenye sababu."

Emil akafunika uso kwa viganja. Rosalind alimwacha mpaka alipotulia, kisha akainuka, akamzunguka, akakaa upande wake wa pili, wa kulia.

"Leo kazini ilikuwaje?" Emil aliuliza, sauti bado ina mikwaruzo.

"Hutaki kujua. Yanachosha."

"Nayataka hayo hayo yanayochosha. Taratibu. Usiruke kitu."

Basi Rosalind akaanza. Kulikuwa na mzee wa Akron, amekuja juu kuhusu jino moja la nyuma, kampuni inasema ni la kung'oa, yeye anasema ni la kuziba, dakika arobaini nzima. Emil alimwegemea mzima pale kwenye ngazi, sikio la kulia karibu kabisa na mdomo wa Rosalind, akauliza ni jino la juu au la chini.