Sindano Niliyowachoma Kobe wa Nyangeta

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na mbili, naishi Iringo hapa Musoma. Haya ninayowaeleza niliyaficha karibu miaka thelathini, na yamenila ndani kwa ndani...

Mimba za mke wangu, Nyangeta, zilikuwa zimeharibika mara tatu. Siku moja tukiwa shamba Butiama akaokota kobe wawili, akaja nao mjini. Jamani, alivyowapenda! Kila asubuhi alikuwaga anawakatia majani mabichi, anawaogesha kwenye karai la maji ya vuguvugu. Kicheko kikaanza kusikika tena nyumbani.

Ila walikuja na kupe shingoni, na kwenye kinyesi chao mlikuwa na minyoo. Kupe Nyangeta aliwang'oa mmoja mmoja kwa vidole. Kuhusu minyoo akataka tumuulize bwana mifugo. Nikacheka. Mimi mtoto wa mfugaji nikaulize nini? Wakati huo maduka ya watu binafsi ndiyo yalikuwa yanafunguliwa, na dawa tulizozikosa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni zilikuwa zimejaa Bunda. Nikanunua ile ya sindano, inayomaliza minyoo na kupe wa ng'ombe kwa mpigo.

"Kobe siyo ng'ombe," Nyangeta aliniambia. "Tuulize kwanza."

Nikamsubiri aende kanisani, nikawachoma.

Kesho yake miguu ilikuwa imelegea, vichwa havinyanyuki. Siku ya tatu wakafa wote wawili... Nyangeta alilia kama amefiwa na mtu. Akaniuliza wamepatwa na nini. Nikaona aibu. Nikamjibu kwamba labda ni yale majani yake, huenda yalikuwa na sumu. Mimi huyu!

Akaamini.

Miezi michache baadaye dada yake alifariki kule Bunda, akaacha kichanga cha kike. Ukoo ukakubaliana tumlee sisi. Nyangeta akakataa katakata, akasema kila anachokishika kinakufa. Nilikuwa nimekaa pale pale, ukweli naujua... nikanyamaza! Mtoto akachukuliwa na ndugu wengine. Wetu hatukujaliwa kumpata.

Mwaka jana Nyangeta aliugua sana. Nikashindwa kuvumilia. Nikakaa kitandani kwake, nikamweleza yote, sindano na uongo wangu. Nilitegemea atanitukana. Akaniuliza taratibu tu:

"Kwa hiyo yule mtoto ningeweza kumlea?"

Wasomaji, yule mtoto leo ana watoto wake, na anayemwita mama ni mwanamke mwingine. Nyangeta tumemzika Butiama.

Ndugu zangu, mnyama usiyemjua usimpe dawa kwa kubahatisha, uliza wanaojua. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata ukiaibika. Nawaomba, msimwachie mwenzenu abebe kosa lenu. Mimi nilikuwa na miaka yote ile ya kusema neno moja tu kwa mke wangu... sikulisema.