Pete ya Kumi na Nne

Corinne Dubek aliingia kwenye maonyesho ya sarafu pale Philadelphia akitafuta choo, akapata mchumba. Mimi shahidi. Meza yangu ya vitabu vikuukuu ilipakana na ya Lyle Hathorn, na masikio yangu hayajui kupumzika.

Alivaa koti la kijani lenye vifungo vya njano, akinukia mikate ya chumvi anayooka sokoni. Lyle alikuwa anapitisha brashi ya manyoya ya ngamia juu ya sarafu ya shaba, polepole, kama anayemchana mtoto nywele.

"Kaka, choo kiko wapi?"

"Kushoto. Ukirudi nitakuonyesha kitu."

"Wanaume wote husema hivyo."

Akarudi.

Lyle akamwekea kiganjani sarafu ya mwaka 1787, ya kahawia kama chokoleti, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ilichorwa saa ya jua, na chini yake maneno: *Shughulika na yako.*

"Serikali iliandika hivi kwenye pesa?"

"Nchi ilikuwa changa. Haijajifunza adabu."

Corinne akacheka mpaka nikapoteza ukurasa niliojifanya kusoma.

Tangu hapo, kila adhuhuri ilikuwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mkate wako."

"Kati yangu na sarafu yako, nani mzuri?"

"Wewe. Ila yeye hana kelele."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha Lyle akasafiri kwenda Boston siku nne, akamwachia Corinne sarafu ile amtunzie. Kwake hilo lilikuwa zaidi ya kumpa ufunguo wa nyumba. Corinne naye akaiangalia, akamhurumia mpenzi wake: brashi kila siku, na uchafu hautoki. Akachukua siki na chumvi za dukani kwake, akasugua.

Lyle aliporudi, sarafu ilikuwa ya waridi, inang'aa kama pua ya nguruwe.

"Umefanya nini?"

"Nimekusaidia, mpenzi. Ulikuwa unahangaika."

Lyle akakaa chini. Kwa wakusanyaji wa sarafu za shaba, ile kahawia si uchafu, ni umri wenyewe. Brashi huondoa vumbi tu. Umri ukishaubandua, huurudishi.

"Umeiua," alisema. "Imevuka vita na moto, wewe ukaiua kwa siki ya kachumbari."

Corinne akamrushia ile sarafu. "Basi kaioe."

Wiki tatu simu hazikupokelewa. Lyle alikonda, akawa anapiga brashi sarafu zilizokwisha kupigwa. Nikachoka.

"Lyle, una sarafu ngapi?"

"Mia nne na kitu, Bi Hester."

"Na akina Corinne unao wangapi?"

Akachukua kofia yake. Akapita kwanza kwa sonara, halafu sokoni. Mimi nikafuata nyuma. Hamu ya mkate wa chumvi ilinishika ghafla.

Corinne alikuwa na unga hadi viwikoni. Lyle akaweka sarafu kwenye kaunta, saa ya jua ikiwa juu.

"*Shughulika na yako*," Corinne akasoma. "Umetembea mitaa yote hii kuja kunitukana?"

"Igeuze."

"Cha kugeuza nini? Upande wa pili naujua, nimeusugua kwa mkono wangu. Pete kumi na tatu zimeshikana, na katikati wameandika *Tu wamoja*. Nilizihesabu, Lyle. Kumi na tatu, na hata moja si yangu."

"Nilikosea. Nililia shaba nikakuliza wewe."

"Ulisema nimeiua."

"Ilikuwa ya baba. Sasa ina alama yako pia. Siiuzi, wala siionei haya." Akaingiza mkono mfukoni. "Na ya kumi na nne ninayo hapa."

Mikate iliungua, mimi ndiye niliyezima jiko. Corinne alikuwa na shughuli.

Sarafu ile hukaa kwenye mfuko wa aproni yake mpaka leo, pamoja na unga na makombo, na imeanza kurudi kahawia yenyewe. Lyle amekatazwa kuigusa na brashi.