Mtungi wa Bi Tabu

Mtungi ulikuwa mtupu, lakini ulitoa jasho. Shamila alichungulia ndani, akaona udongo mkavu, kisha akatazama viganja vyake. Vimelowa. Ulikuwa mwezi wa tisa, na kijiji cha Kolo hakikuwa kimeonja mvua tangu Aprili.

Ilikuwa safari yake ya kwanza kama dereva wa Fuso ya kuhamisha vyombo. Alikuwa na shahada ya takwimu, leseni mpya, na orodha aliyoiandika kwa mkono: kabati moja, vitanda viwili, masufuria kumi na moja. Mtungi haukuwemo.

"Huo hauendi nyuma," alisema Bi Tabu, mwenye mzigo, aliyekuwa anatangulia kwa basi kwenda nyumba yake mpya Nkuhungu, mjini Dodoma. Alikuwa akifunga kitambaa cheupe shingoni mwa mtungi. "Unakaa mbele nawe. Humu yumo mwenyeji wetu, tangu enzi za bibi yangu. Ukiwasha gari mwambie tunahama, umtajie na tunakokwenda. Asiyeambiwa hupotea njia, mwanangu."

"Sawa, bibi. Nitamwambia."

Mudrick, mpakiaji aliyeanza kazi hiyo Shamila akiwa bado shule ya msingi, alikaza turubai huku akicheka. "Leo msomi ataongea na chungu!"

Shamila aliona aibu. Bi Tabu alipoondoka, aliuchukua mtungi, akausukumia nyuma kati ya magodoro, asiseme neno. Mudrick akapanda juu ya mzigo, akagonga ubao wa bodi mara mbili. Kwa wapakiaji, mara mbili ni twende. Mara moja ni simama.

Walipofika Haneti wakafungua turubai ili wakaze kamba. Mtungi ulikuwa vipande vitatu, na mbao za bodi zimelowa chapachapa.

"Tumwambie tu ukweli," alisema Mudrick. Hakucheka tena.

"Siku ya kwanza kazini, kaka? Nitaonekanaje?"

Akavitupa vipande mtaroni, kando ya kalavati. Sokoni akapata mtungi wa ukubwa uleule, akaupaka vumbi, akaufunga kitambaa kilekile kwa fundo lilelile. Saa kumi, huko Nkuhungu, Bi Tabu aliupokea kwa mikono miwili, akaupapasa kwa muda mrefu.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, bibi."

Wiki mbili baadaye Shamila alikuwa akirudi kutoka Kondoa peke yake, bodi tupu, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Ubao ukagongwa nyuma yake. Mara moja. Akasimama, kama alivyofundishwa. Hakukuwa na mtu. Pembeni palikuwa na lile kalavati la Haneti.

Safari iliyofuata Mudrick alikaa naye mbele. Ubao ukagongwa.

"Umesikia?" Shamila alinong'ona.

"Endesha, dada. Usigeuke nyuma."

Hakusimama, na hapo ndipo harufu ilipoingia, harufu ya udongo uliokunywa maji, tamu mwanzoni kama mvua ya kwanza, kisha nzito kama kaburi lililochimbwa asubuhi, ikajaa kwenye kichwa cha gari ijapokuwa vioo vilikuwa vimefungwa, na ubao ukaendelea kugongwa, mara moja, kimya, mara moja, kimya, hadi wakafika mjini, na walipofungua bodi, magodoro ya mteja yalikuwa yakichuruzika maji.

Kila Ijumaa Bi Tabu alipiga simu. "Mwanangu, mwenyeji wangu hanijibu. Nyumba imenyamaza, usingizi siupati. Labda safari imemchosha?"

"Labda, bibi," Shamila alijibu, uso ukimwaka.

Siku ya arobaini alishindwa kupokea simu. Akaenda mwenyewe Nkuhungu, akapiga magoti mlangoni, akaeleza yote.

"Nilijua siku ileile," alisema Bi Tabu. "Mtungi wako hautoi jasho. Nilikuwa nakupigia ili upate pa kuanzia."

Afadhali angempiga kofi.

Walikwenda Haneti kwa Fuso ileile, wote watatu, Mudrick akiwemo. Vipande vilikuwa palepale mtaroni, vimelowa. Wanawake wenye ndoo walisimama kutazama. Vijana wa bodaboda wakaanza kucheka. Shamila akainama mbele yao.

"Nilikuvunja, nikakutupa, nikadanganya," alisema kwa sauti. "Sasa tunahama. Tunakwenda Nkuhungu, nyumbani kwa Bi Tabu."

Njia nzima hapakuwa na hodi. Bi Tabu alipakata vipande, akiviimbia kwa Kirangi, uso wake umerudia ujana. Walipofika alichoma ubani, akasimama nyuma ya gari.

"Karibu nyumbani," akaita.

Kimya. Akaita tena. Akaweka sikio ubaoni, akalibakiza hapo kwa muda mrefu. Alipoligeuza jicho kwenye vipande mikononi mwake, vilikuwa vikavu kama vigae vya juzi.

"Hashuki," alisema.

"Bibi, mbona nimesema yote?"

"Umesema. Hana kinyongo nawe. Lakini siku arobaini analala humu garini, mwanangu. Amekwisha kuhamia."

Akaingia ndani na vipande vyake, akarudishia mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba isiyo na mtu.

Shamila alikaa nyuma ya usukani, hawezi kuutazama mlango ule. Mudrick alikuwa mbele ya gari, barabarani, mikono yote miwili kichwani.

Nyuma ya Shamila, ubao ukagongwa mara mbili.