Viti Viwili Vitupu na Karatasi ya Shangazi

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yangu. Kilikuwa chumba chembamba chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na ukuta mzima uliopigiliwa misumari. Kwenye misumari zilining'inia karatasi za kukatia, hii ya kola, ile ya mkono, ile ya kiuno. Shangazi alizichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji kwa sababu hazichaniki upesi. Na kwa kuwa hakupenda kutupa kitu, alichora pande zote mbili.

Watu walimwita Mama Futi, maana futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. Mimi aliniita Karani. Macho yake yalikuwa makali kwenye uzi, lakini hayakupatana na herufi ndogo za simu. Basi kazi yangu ilikuwa kumsomea na kumwandikia ujumbe wa Ukumbi wa Mafundi.

Ukumbi huo haukuwa na ukuta wala mlango. Ulikuwa kundi la kwenye simu, lenye mafundi cherehani zaidi ya mia tatu. Mtu alituma picha ya karatasi yake ya kukatia, wenzake wakajifunza. Kuiga kazi ya mwenzako ili ujifunze kuliruhusiwa. Kuituma kwenye Ukumbi ukasema ni yako kulikuwa wizi, na mwizi alifungiwa.

Siku hiyo nilimkuta shangazi amekaa, cherehani kimya.

"Karani, simu hii imeharibika? Nimejaribu kutuma ujumbe wa sauti, haiendi."

Nikaichukua. Simu ilikuwa nzima. Nikasoma yaliyoandikwa Ukumbini. Fundi mmoja aliyeitwa Fundi Gauni alikuwa ameandika kwamba mkono wenye marinda begani, tuliotuma jana yake, ni wake na Mama Futi ameuiba. Picha yetu ilikuwa imeshaondolewa. Shangazi alikuwa amefungiwa asitume neno, "hadi kamati ya usuluhishi itakaposikiliza shauri."

"Mimi?" shangazi akasema. "Mkono ule nimeutoa kwenye kichwa hiki. Nimeharibu vitambaa vitatu ndipo ukakubali."

"Basi tuwaonyeshe picha."

"Haya, tuwaonyeshe."

Lakini picha haikuwapo. Simu ya shangazi ilijaa haraka, na mimi nikishatuma picha nilikuwa naifuta palepale. Tukasema si kitu, kamati itasikia.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Mteja mmoja akachukua kitambaa chake akaenda kwingine. Alikuwa ameyasikia maneno. Shangazi hakulalamika, ila aliacha kuimba kazini, na chumba bila sauti yake kilikuwa kama cha watu wengine.

Nikamwandikia mwenyekiti wa kamati, Mzee Pasi, kuuliza shauri litasikilizwa lini. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, huku nyuma yake mvuke wa pasi ukilia fsss.

"Mama Futi, vuta subira. Kamati ina viti vitano. Mmoja ameacha ufundi, mwingine amechoka kutukanwa. Viti viwili vitupu, mama. Kanuni inasema kamati ikipungua mtu haikai."

"Umesikia," shangazi akasema, akichomeka pini kwenye kitambaa. "Tungoje."

"Tungoje nini? Hao watu wataota kwenye viti?"

"Karani! Huyo ni mtu mzima."

"Ndiyo, shangazi. Lakini ni mtu mzima aliyelala."

Aligeuza uso upande wa dirisha, ila niliona mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikafungua kanuni za Ukumbi. Zilikuwa kumi na moja, na nadhani hakuna aliyewahi kuzisoma hadi mwisho. Nilizinakili zote nyuma ya daftari langu. Kanuni ya sita ilisema kiti kikiwa kitupu kijazwe kwa kura ndani ya siku kumi na nne. Sisi tulikuwa siku ya hamsini na tatu tangu shangazi afungiwe. Kanuni ya saba ilisema wanachama kumi wakitaka kura kwa maandishi, mwenyekiti hana ruhusa ya kukataa.

Kesho yake nikamwonyesha rafiki yangu wa dawati moja, tuliyemwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa safi.

"Watu kumi utawatoa wapi?" akauliza. "Shangazi yako ameshaitwa mwizi. Nani atajitia humo?"

"Wale aliowasaidia."

"Watajificha."

"Wajifiche, nitawatafuta."

Kwenye Ukumbi shangazi alikuwa hawezi kutuma, lakini kumwandikia mtu peke yake aliweza. Akaniruhusu. Nikaandika ujumbe mmoja mmoja, wala si wa kunakili. Fundi aliyefundishwa kola na shangazi nilimkumbusha kola. Yule ambaye cherehani yake ilikuwa ikikata uzi hadi shangazi alipomwelekeza, nilimkumbusha cherehani. Wengi walisoma wakanyamaza. Mmoja akaniambia, "Mtoto, cheza na wenzako." Nikamjibu, "Nikimaliza hili nitacheza. Jina lako niliandike au nisiliandike?" Akasema andika.

Ilinichukua siku tisa kupata majina kumi. Nikamtumia Mzee Pasi, na chini yake nikaandika kanuni ya saba neno kwa neno.

Mvuke ukalia fsss. "Sawa," akasema. "Kura itapigwa. Na ili tusichelewe, nimeshapata watu wawili wazuri. Mmoja ni mshona suruali, mwingine ni wifi yake Fundi Gauni. Mtulivu sana yule."

Niliruka kwenye stuli. "Wifi yake! Shangazi, wifi yake ndiye ataamua kama wewe ni mwizi?"

Safari hii shangazi hakunikemea. Aliweka mkasi chini. "Kuna kanuni?"

"Ya nne. Ndugu wa mshtaki au mshtakiwa hakai."

"Mwandikie. Andika kwa heshima, lakini usirudi nyuma hata nusu inchi."

Nikaandika: "Shikamoo, Mzee. Kanuni ya nne inamkataza wifi kukaa. Tunaomba wanachama wataje majina wenyewe, hadharani. Kama kanuni zimefutwa, tafadhali tangaza kwa wote kwamba zimefutwa."

Kwa siku mbili hakujibu. Siku ya tatu jina la wifi likaondolewa. Wanachama wakataja majina sita, wakapiga kura, na viti vikajazwa. Kimoja akakikalia yule mshona suruali. Kingine kikachukuliwa na bibi mmoja mshona sare za shule, ambaye ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi: "Mimi sina rafiki hapa. Nina miwani tu. Shauri la kwanza ni Jumamosi saa kumi alasiri, kwa simu. Kila upande ulete karatasi yake."

Nilipomsomea shangazi, akapiga kigelegele. Siku hiyo aliimba hadi jioni.

Ijumaa, shangazi akiwa kwa muuza vifungo, nikaenda ukutani kuitoa ile karatasi ya mkono. Nilijua msumari wake, ule wa karibu na mlango. Upande wa mbele ulichorwa kwa chaki nyekundu, kama nilivyokumbuka, maana ndio nilioupiga picha. Nikataka kuikung'uta vumbi, nikaigeuza.

Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine, wa chaki ya buluu. Marinda yake yalikuwa saba, yameegemea nyuma. Kando yake shangazi alikuwa amechora alama yake, nyota ndogo yenye mkia. Nikageuza tena. Upande mwekundu marinda yalikuwa matano, na pembeni, kwenye kona iliyojikunja, kulikuwa na herufi mbili: F.G.

Shangazi alikuwa ameuiga mkono wa Fundi Gauni ili ajifunze, kama wote walivyoruhusiwa. Halafu nyuma yake akachora wa kwake. Aliponiambia, "Tuma ule mkono wa kwenye karatasi ya mlangoni," mimi nilipiga picha upande ulionitazama. Nikaandika kwa mkono wangu: "Huu nimeubuni mwenyewe." Shangazi hakuwa mwizi. Na Fundi Gauni hakuwa mwongo.

Nikakimbia kwa Wino.

"Mbona rahisi," akasema. "Picha ilifutwa. Kesho onyesha upande wa buluu tu, ule wenye nyota. Fundi Gauni hana kitu mkononi."

"Halafu yeye ataitwa mwongo."

"Si aliwatesa?"

Kweli, alikuwa ametutesa. Nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumwona uso, na nilikuwa nimepigana siku zote hizo ili ashindwe. Nikarudi chumbani, na shangazi sikumwambia.

Jumamosi saa kumi shangazi akaiegemeza simu kwenye kopo la pini. Watu watano walionekana kwenye kioo, na Fundi Gauni wa sita, mwanamke mwembamba mwenye kalamu sikioni.

"Mama Futi," akasema bibi wa sare, "leta karatasi yako."

Shangazi akanipa ishara. Nikainua upande wa buluu. Wakasogea kutazama. Fundi Gauni akakunja uso.

"Huo siujui. Siyo ule."

"Huo ndio mkono wangu," shangazi akasema. "Nimeapa tangu siku ya kwanza."

"Basi nimeota? Niliuona wangu, wenye marinda matano!"

Mzee Pasi akakohoa. "Fundi Gauni, kama huna ushahidi..."

Nikageuza karatasi.

"Hakuota," nikasema. "Huu hapa wake. Shangazi aliuiga ajifunze. Aliniambia nitume wa kwake, mimi nikatuma upande huu. Kosa ni langu. Nimelijua jana."

Shangazi akanitazama. Sikuweza kumtazama.

"Mtoto wewe!" Fundi Gauni akafoka. "Miezi miwili na nusu watu wananiita mchonganishi kwa ajili yako?"

"Nisamehe, mama. Nitaandika kwenye Ukumbi, kwa jina la Karani, kila mtu asome." Ningeweza kuishia hapo, lakini moyo ulikataa. "Ila na nyinyi wanakamati mliacha viti vitupu siku zote hizo. Mngekaa wiki ya kwanza, mngetudai karatasi, na karatasi ingeonekana."

Kisha bibi wa sare akavua miwani. "Amesema kweli mara mbili," akasema. "Moja imemuuma yeye, nyingine ituume sisi. Mzee Pasi, unasemaje?"

Mzee Pasi akaiweka pasi yake kando. "Nilizembea," akasema. "Nilidhani kiti kikiwa kitupu hakuna anayeumia. Mama Futi, niwie radhi."

Shangazi akafunguliwa dakika ileile. Nikaandika maelezo yangu, nikaweka picha za pande zote mbili. Fundi Gauni hakutuma neno la upole. Alituma swali: "Hayo marinda saba umeyaegemezaje?" Shangazi alicheka hadi futi ikamdondoka shingoni, mara ya kwanza mimi kuona.

Tulipobaki wawili, nilingoja kipigo au machozi. Shangazi aliokota futi.

"Ungeniambia jana."

"Niliogopa, shangazi."

"Najua. Mimi nawe tumekosa pamoja. Nilikuachia macho yangu bila kukagua. Sasa sikiliza, Karani. Kubisha kwako usikuache. Viti vile visingejazwa kama ungekaa kimya kwa adabu. Lakini anayedai asikilizwe kwa haki lazima akubali na haki imgeukie yeye. Ungeuficha ule upande mwekundu, ungekuwa umewajazia viti ili uwadanganye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya. Lete simu, nina kola mpya."

Nikaishusha karatasi ya kola kutoka msumarini, nikaitandaza mezani, nikainua simu.

"Karani," akasema bila kuacha kushona, "geuza kwanza."